Shajara ya mradi: kusaka kromosomu kwenye korodani za farasi na punda, Mbeya

Juni 4

Naanza kuandika leo kabla sijasahau, kichwa changu nakijua. Mradi wenyewe ni kutengeneza seti ya slaidi za kufundishia zinazoonyesha kromosomu, zile nyuzi za urithi ndani ya seli, pale mbegu za kiume zinapotengenezwa, yani meiosisi yenyewe, ule mgawanyiko unaopunguza kromosomu ziwe nusu, sio mchoro wa ubaoni. Miaka yote hapa chuoni wanafunzi wanaangalia ncha ya mzizi wa kitunguu, ambao ni mgawanyiko wa kawaida tu wa seli, af mtihani unakuja unawauliza pakitini na diplotini, hatua za mwanzo za meiosisi, wanachora minyoo. Mkuu wa idara kasema sawa jaribu, ila hela ndo hiyo laki tatu na nusu, ikiisha usije kugonga mlango wangu.

Kwa nini farasi na sio mbuzi, nimeulizwa mara tatu leo tu. Mbuzi ana kromosomu 60, na ukitoa zile za jinsia zilizobaki zote zina sentromia, pale nyuzi zake zinaposhikana, mwishoni, ukichungulia ni kama mtu kamwaga njiti za kiberiti. Farasi ana 64. Pea 31 za kawaida na X na Y, na kwenye hizo pea 31 kuna 13 zenye mikono pande mbili na 18 zenye mkono mmoja, kwa hiyo jicho linapata pa kushika. Halafu X yake ni kubwa, inazidiwa na namba 1 tu, na Y ni kapande kadogo mno. Ukitaka kumwonyesha mwanafunzi vitu viwili visivyolingana hata kidogo ambavyo lazima vishikane kabla seli haijagawanyika, basi ni hapo.

Shida farasi Mbeya utamtoa wapi. Huku ni punda. Farasi Tanzania ni wa kuhesabu, bei yenyewe achana nayo, ila pia kuna ule ugonjwa wa farasi wa Afrika unaoenezwa na usubi, farasi akiupata mara nyingi ndo basi tena, wakati punda na pundamilia wanapita nao kama mafua. Dokta mmoja wa mifugo tunayefahamiana kasema tuanze na punda, ya farasi atanitafutia.

Juni 11

Igurusi leo. Dokta alikuwa anaenda kuhasi punda wa mzee mmoja anayebeba mpunga kwa mkokoteni, akanipitia asubuhi Uyole na ki-pikapu chake. Mzee kaniona nashusha kibaridi na machupa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Na wewe daktari?"

"Hapana mzee, mimi wa maabara. Nimefata korodani."

Akanyamaza. Akaniangalia, akamwangalia dokta, akaniangalia tena. "Za kufanyia nini?"

Na simlaumu hata. Watu wenye punda wameshaona mengi, biashara ya ngozi ilikuwa inawafyeka mpaka Umoja wa Afrika ukakaa Februari 2024 ukapiga marufuku kuchinja punda kwa ajili ya ngozi bara zima, kwa hiyo mtu akija na kibaridi akisema anataka kiungo cha punda lazima umuulize mara mbili. Nikamweleza taratibu kwamba hiki kinachotolewa kingetupwa, mi naenda kukiangalia kwenye maikroskopu basi. Akalainika. Dokta akamlaza punda kwa sindano, akafanya kazi yake, akafunga mishipa kwa uzi kabla ya kukata, anasema punda ukimfanyia kama farasi anatoka damu sana.

Wakati tunasubiri punda aamke mzee akauliza swali ambalo nimerudi nalo nyumbani. Kwa nini nyumbu hazai?

Dokta akacheka, "Nyumbu wa Serengeti si wanazaa kila mwaka mzee, kwa malaki!"

"Sio huyo. Huyu wa punda na farasi. Baghala."

Basi nikamjibu lile jibu la darasani, farasi 64, punda 62, mtoto anachukua nusu huku nusu huku anapata 63, na 63 haigawanyiki kwa mbili, ndo maana. Mzee akasema "haya" ila ile "haya" ya mtu ambaye hajaridhika. Nami kusema kweli njiani nikawa siridhiki.

Juni 12

Maabara kuanzia saa 1 asubuhi. Naandika hatua zote hapa maana nikiziharibu nijue nimeharibu wapi. Njia ni ile ya Evans na wenzake ya 1964, ya zamani lakini haitaki mashine ya ajabu.

Korodani inapasuliwa, lile ganda jeupe gumu unalikata na ndani kunatoka vimirija kama tambi zilizoiva sana. Unavitoa kidogo kidogo kwenye maji ya sodiamu sitreti asilimia 2.2, unavikatakata na mkasi mdogo na kuvichambua kwa sindano mpaka maji yanakuwa na ukungu. Ukungu ndo seli. Mapande yanazama, unachukua ukungu, unazungusha polepole kwenye sentrifyuji, ile mashine ya kuzamisha seli chini, unamwaga maji, af unaweka sitreti nyepesi ya asilimia 1 kwa dakika 12 hivi. Hapo ndo siri. Maji mepesi yanaingia kwenye seli, seli inavimba kama maharage yaliyolowekwa, kromosomu zinapata nafasi ya kuachana. Hii siri yenyewe iligunduliwa kwa bahati, mtafiti T. C. Hsu kule Texas 1952 alikuta slaidi zake zimetoka vizuri kupita siku zote, kumbe kuna mtu kakosea kuchanganya chumvi kamimina maji mengi, na hakujua ni nani mpaka mwisho. Miaka minne baadaye kina Tjio na Levan wakaitumia kuonyesha kwamba binadamu ana 46, wakati vitabu vyote vilikuwa vinasema 48. Kosa la mtu wa kuchanganya chumvi, yani. Wa kwetu akikosea namgombeza.

Baada ya hapo methanoli tatu kwa asidi ya asetiki moja, baridi sana, tone kwa tone huku unagonga chupa na kidole. Mara tatu. Af unadondosha kwenye slaidi.

Juni 13

Hamna kitu. Slaidi 9 hamna kitu. Seli zipo, safi tu, lakini zote viini vya mviringo vimetulia, hakuna hata moja yenye nyuzi nene, hakuna vichwa vya mbegu, hakuna chochote. Nikajua nimeua seli kwenye maji mepesi. Nikarudia na kilichobaki kwa dakika 8, dakika 20, vilevile.

Jioni nampigia dokta namwambia punda wako hana mbegu. Anauliza "unajua alikuwa na umri gani?" Nikakumbuka korodani yenyewe ilikuwa kama yai la kuku. Punda hajafika mwaka! Mtoto! Wanahasiwa mapema makusudi kabla hawajaanza fujo, na mnyama ambaye hajabalehe hana meiosisi, ana seli mama zinazosubiri tu. Nimetumia elfu 80 kwenda kuangalia punda wa chekechea.

Juni 27

Hakuna cha maana. Umeme umekatika mara mbili, friji ilipata joto, methanoli imepanda bei. Nimesoma.

Julai 18

FARASI. Mafinga. Kuna shamba lina farasi wanne, dume mmoja wa miaka 6 amekuwa anavunja uzio na kupiga watu mateke, mwenyewe kaamua ahasiwe. Nililala Mafinga jana, asubuhi baridi ile ya misitu ya misonobari, unaongea moshi unatoka mdomoni. Mlinzi wa getini ananiambia "kamwene", nami najibu "kamwene" na Kihehe changu kikaishia hapohapo.

Safari hii nimejifunza. Sikutegemea kibaridi peke yake, nilibeba maji yote mawili na dawa ya kugandishia seli zibaki zilivyo, ile methanoli na asidi, nikafanyia kazi palepale nyuma ya zizi kwenye meza ya mbao. Korodani moja tu ilijaa mkononi, ukubwa wa parachichi la hass la Tukuyu, lile zuri la kusafirishwa nje. Sentrifyuji sina shambani, nikaacha seli zizame zenyewe, uvumilivu tu. Nusu nikazigandisha pale, nusu nikabeba vimirija kwenye kibaridi nione kama masaa matano ya barabarani yanaharibu.

Mwenye farasi kanipa habari moja muhimu bila kujua. Kasema wiki ya kwanza ya mwezi wa 6 farasi alikuwa na homa siku tatu. Homa na korodani haviendani, joto linaua seli zilizoko kwenye meiosisi. Nikakaa kwenye kiti cha basi nikapiga hesabu nyuma ya tiketi. Kwa farasi kutoka seli mama kuanza safari mpaka mbegu kuachiwa kwenye mrija ni siku 57. Kama siku 19 za mwanzo ni kujizidisha, 19 nyingine meiosisi, na karibu 19 za mwisho ni kubadilisha umbo, kupata mkia na kichwa. Kwa hiyo seli ninayoitaka mimi, iliyo kwenye metafezi ya kwanza leo, yani pea zimejipanga katikati ya seli tayari kuachana, ipo kwenye siku kama ya 38, ilianza safari tarehe 10 Juni. Homa ilikuwa imeshapita. Zilizokuwa kwenye meiosisi siku ya homa ndo mbegu zilizoachiwa kuanzia mwishoni mwa Juni, na hizo sizihitaji. Nikapumua.

Basi lenyewe sasa. Kifuniko cha chupa moja kilikuwa hakijakaza, tumefika Makambako harufu ya siki imejaa mpaka mbele. Konda anapita "nani kabeba kachumbari humu?" Nikaangalia dirishani. Mama wa kiti cha jirani kafungua dirisha lote, na baridi ile, tumetoka hivyo mpaka Chimala. Nisamehewe.

Julai 19 hadi 21

Zilizogandishwa shambani ndo nzima. Za kwenye kibaridi zina viini vingi vimesinyaa. Limeisha hilo.

Lakini rangi sasa! Slaidi zote zimetoka bluu bluu kama kanzu iliyozidishiwa bluu ya kufulia, huoni kromosomu imeanzia wapi. Rangi yenyewe, Giemsa, niliipata kwa rafiki anayepima malaria, na maji yake ya kuichanganyia pia akanipa, na ya malaria yanakuwa pH 7.2 ili kidudu kionekane vizuri. Kromosomu inataka 6.8. Tofauti ndogo hivyo inageuza kila kitu. Nimepoteza slaidi 14 kwa ajili ya nukta nne.

Julai 22

Rangi imekaa sawa. Sasa seli hazitawanyiki. Kila nikidondosha, kromosomu zinabaki donge moja katikati kama ugali ulioshindikana. Nimeangaika kutwa nzima. Kilichokuja kugundulika ni hewa. Mbeya tuko mita kama 1,700, Julai hewa ni kavu mpaka midomo inapasuka, tone la methanoli linakauka kabla seli haijajilaza. Wenzetu wanaofanya kazi hii wana vyumba vya kupangia unyevu. Mimi nina chupa ya chai. Nimechemsha maji, nimejaza chupa, nafungua kifuniko, napitisha slaidi kwenye mvuke sekunde mbili, nadondosha, narudisha kwenye mvuke tena. IMEKUBALI. Kromosomu zimejimwaga kama mahindi uani. Dogo wa usafi kaingia akaniona nafukizia vioo mvuke akasema dada unaombea?

Julai 24

Nimeona. Nimeona nimeona nimeona.

Nianze na pakitini maana hizo ziko nyingi, hatua hii inachukua muda mrefu kuliko nyingine zote kwenye meiosisi kwa hiyo popote ukichungulia zipo. Kiini kikubwa, ndani nyuzi nene zinazopinda pinda, na kila uzi sio uzi mmoja ni viwili vimelala pamoja, kutoka kwa baba na kutoka kwa mama, vimefungwa zipu ya protini urefu wote. Na pembeni kabisa ya kiini kuna doa jeusi. Siku mbili nilikuwa nafikiri ni uchafu wa rangi, nimesafisha lenzi, nimebadili mafuta, doa lipo, kila seli lina doa lake na kila mara liko ukingoni. Kumbe ndo X na Y zenyewe. Kwa kuwa hazilingani zinashindwa kufunga zipu isipokuwa kwenye ncha fupi tu, zinajikunja ukingoni na jeni zake zinazimwa zote mpaka kazi ipite. Mimi nafuta na pamba kitu nilichokifata Mafinga.

Halafu saa 10 jioni nikapata ile seli. Kromosomu zimetawanyika zote, hakuna iliyopanda juu ya mwenzake. Nikahesabu, 32. Nikahesabu tena kwa kuchora kwenye karatasi, 32. Pea 31 na ile ya jinsia, metafezi ya kwanza, nimemaliza kazi. Nikapiga picha kwa simu kupitia kwenye jicho la maikroskopu, nikaituma kwenye grupu la idara, nikanunua soda za watu wote wa ukumbini.

Julai 25

Mama mmoja mstaafu, alikuwa patholojia miaka mingi, alikuja leo kuangalia. Kakaa kwenye maikroskopu dakika nzima hasemi kitu. Af akasema polepole, "Mwanangu, hizi zimeshaachana."

"Mama nimehesabu mara mbili, 32."

"Ndiyo 32. Hata mimi naona 32. Niambie zina umbo gani."

Nikaangalia kwa macho yake. Kila moja ilikuwa na mikono imeachama kama mtu anayepiga miayo, nyuzi mbili zimeshikwa katikati tu, kingo zina manyoya manyoya. Hiyo ni metafezi ya PILI. Farasi kwenye metafezi ya kwanza ana vitu 32, na kila kitu ni pea imeshikana. Seli ikigawanyika, kila mtoto anapata kromosomu 32 mojamoja, na kwenye metafezi ya pili unahesabu tena 32. Namba ileile, jambo tofauti kabisa. Ya kwanza inatakiwa iwe na maumbo ya ajabu, misalaba, pete, fimbo, kutegemea imeshikana sehemu ngapi.

Nimetuma ujumbe kwenye grupu kusahihisha. Watu wanadai soda zisirudishwe.

Julai 29

Bado natafuta. Katikati ya kutafuta nimekaa nikiangalia vichwa vya mbegu zilizokomaa maana viko kila mahali na nilikuwa navipita tu. Angalia hii. Maji mepesi yamezivimbisha seli zote, zile changa za mviringo zimekuwa kama puto, nyingine zimepasuka kabisa. Vichwa vya mbegu viko vilevile, bapa kama kasia, kingo kali, kama vile havikuwahi kuingia majini. Ni kwa sababu ya jinsi DNA ilivyofungwa. Kwenye seli ya kawaida imezungushiwa protini za histoni, kama uzi kwenye vibobini, inafunguka na kufungika. Mbegu ikiwa inabadilika umbo histoni karibu zote zinatolewa, zinaingia protini za mpito, halafu hizo nazo zinatolewa zinaingia protamini, ambazo ni ndogo na zinabana mno. Na bado haijaisha, mbegu ikisafiri kwenye ule mrija mrefu wa nje ya korodani protamini zinashonana zenyewe kwa zenyewe kwa vifungo vya salfa, ndo inakuwa ngumu hivyo. Nimejaribu kutoa mbegu za ndani ya korodani na za mkiani mwa ule mrija nikaziacha kwenye maji mepesi nusu saa, kwa hadubini yangu hii sikuona tofauti, zote zimekataa kuvimba. Kuna njia ya rangi ya akridini inayoonyesha zile zilizolegea kwa wekundu na zilizobana kwa kijani ila inataka taa ambayo hatuna.

Wanafunzi hii wataipenda kuliko hata kromosomu. Kitu kisichotaka kufunguka.

Agosti 3

Saa 5 asubuhi, slaidi namba 37. Sikushangilia safari hii, nilikaa kwanza nikanywa chai.

Vitu 32. Umbo la kwanza nililoangalia ni pete kubwa imeshikana pande mbili. Jirani yake msalaba. Chini kuna vijifimbo vingi vifupi, hizo ndo zile ndogo za mkono mmoja, zimeshikana sehemu moja tu na zimejivuta zikanyooka. Kila paliposhikana panaitwa kiasma, ndipo kipande cha baba na kipande cha mama vilibadilishana. Kila pea lazima iwe nayo angalau moja, bila hiyo zinadondokeana popote, na watafiti waliohesabu alama za MLH1, protini inayokaa pale zinapobadilishana, kwenye farasi dume walipata wastani wa karibu 50 kwa seli moja. Yani 32 za lazima na zilizobaki zinagawanwa na wakubwa. Mimi kwa seli yangu nimejaribu nikapata kama 46, lakini kwa Giemsa tupu mbili zilizo karibu unaziona moja, kwa hiyo sibishani na mtu.

Na pembeni, imejitenga kidogo, X na Y. X ndefu imekunja mkono, na kwenye ncha yake kabisa kuna kidoti kimening'inia. Ncha kwa ncha. Ndo hapo tu wanapofanana, kipande kidogo cha mwisho, na ndani ya hicho kipande lazima wabadilishane. Kikikosekana hicho, mbegu inaweza kutoka na zote mbili au bila hata moja. Nimekitazama mpaka macho yakatoa machozi.

Mama mstaafu alikuja saa 8. Kaangalia. Kasema "eeh", akaomba chai.

Hadi jioni nimepata seli 6 kama hizo katika slaidi 11. Ni chache ila kwa kufundishia zinatosha, mwanafunzi haangalii seli 6 kwa mara moja.

Agosti 9

Nilirudi Igurusi, nilikuwa nimeahidi kumpelekea mzee picha. Na pia nilikuwa na deni lile la nyumbu.

Maana nimesoma, na lile jibu la 63 ni jibu bovu. Trujillo na wenzake walishahesabu 1962, farasi 64, punda 62, nyumbu 63, namba ni sahihi. Lakini kuna farasi mwitu wa Mongolia, wa Przewalski, ana 66. Ukimzalisha na farasi wa kawaida mtoto anapata 65. Hiyo nayo haigawanyiki kwa mbili. Na anazaa vizuri tu! Kwa hiyo sio witiri uliomfunga nyumbu.

Nikamweleza mzee kwa kanga, bibi alikuwa ameanika doti mbili uani. Nikasema mzee, kila kromosomu ina mwenzake kama kanga ya doti, maua yaleyale, maneno yaleyale. Kabla ya kutengeneza mbegu lazima kila kipande kimpate mwenzake walale pamoja maua kwa maua, washonwe pindo sehemu moja au mbili. Farasi ana doti 32, punda doti 31. Yule farasi wa Mongolia kakata kanga moja tu vipande viwili, ile ambayo kwa farasi wa kawaida ni namba 5, lakini maua hayajabadilika, kwa hiyo vipande vyake viwili vinalala juu ya kimoja cha mwenzake vinalingana fresh. Watatu wanashonwa pamoja na maisha yanaenda.

"Na baghala?"

Baghala ni kama umechukua kanga za nyumba mbili ambazo zamani zilikuwa za familia moja, lakini moja ilizikata, ikaunga huyu na yule, ikageuza kichwa chini miguu juu. Ukijaribu kulaza maua kwa maua unapata robo hapa, kipande pale, nyingi hazina wa kulala naye. Seli ikifika pakitini inakagua, inaona kromosomu hazina wenzake, inajiua yenyewe. Mbegu hazifiki mwisho. Na punda wa kwetu kabadilika kwa namna ya kushangaza, hata zile sentromia zimehama, kwake zilizokaa sehemu mpya zisizo na ile DNA ya kujirudiarudia zipo 16, wakati kwenye kromosomu za farasi inajulikana moja tu, namba 11, waliiona walipomaliza kusoma jenomu, yani DNA yote, ya farasi jike aitwaye Twilight 2009.

Mzee hiyo ya sentromia ilimpita, na kweli nilikuwa nimenogewa. Ila ya kanga kaishika. Kaniuliza nyumbu jike naye je? Nikamwambia jike mara chache sana imetokea akazaa, mmoja Marekani jimbo la Nebraska 1984 hadi maabara ikathibitisha, dume haijathibitishwa. Kacheka sana. Bibi kutoka ndani akasema kwa sauti, "sasa hizo kanga zangu mmemaliza kuzisomea nizianue?"

Picha ya X na Y kaitazama muda mrefu, simu kaisogeza mbali kama wazee wanavyofanya. "Sasa hiki kidoti ndo cha udume?"

"Ndo hicho mzee."

"Kidogo hivi."

Agosti 16

Seti ya kwanza imekamilika, slaidi 12, 11 za farasi na moja ya punda, nimezifunika na vioo na kuzibandika lebo. Pakitini nne, metafezi ya kwanza tatu, ya pili mbili (ikiwemo ile ya soda, nimeiandika kabisa MTEGO), vichwa vya mbegu mbili, na moja ya punda mtoto aliyekuwa hana kitu, hiyo nataka waione pia. Hela imebaki elfu 22.

Kilichobaki ni punda mzima. Nahitaji 31 ya kuweka karibu na 32, bila hiyo somo la nyumbu halikamiliki. Kwa punda mzunguko wenyewe ni mfupi kuliko wa farasi, siku kama 47, na korodani zake kwa mwili wake ni kubwa, kwa hiyo metafezi zisiwe shida. Leo saa 2 usiku mzee wa Igurusi kapiga mwenyewe. Jirani yake ana dume la miaka 5 linang'ata watu, dokta anakuja Jumamosi ijayo, na kasema nije na chupa ila kifuniko nikaze, habari za basi zimemfikia.